Sekunde Tatu za Sebe

Simu ya kwanza iliingia Jumapili jioni mchezo ukiwa bado haujaisha, na kufikia Jumatatu asubuhi daftari la mapokezi lilikuwa limejaa kurasa nne. Dufie alilisoma akiwa amesimama, mkoba begani, jasho la ngazi halijamkauka. Yeye ndiye aliyekuwa akikata na kuunganisha picha za mchezo wa televisheni "Sanduku la Kura" tangu sehemu ya kwanza, na sehemu hii ya sita ilikuwa imeligusa jiji la Kumasi pabaya.

Mchungaji mmoja alipiga kusema kwamba wamemleta mungu wa mto sebuleni kwake, mbele ya watoto, tena siku ya Bwana, na sasa nani atamtoa? Alhaji mmoja wa Zongo, mtaa wa Waislamu, aliusifu mchezo, ila akasema mayai hatakula mwezi mzima. Vyama vikubwa vyote viwili vilipiga kulalamika kwamba aliyesemwa ni wao, na Dufie aliona kwamba hilo lilitosha kuwa ungamo. Lakini wengi, kurasa kwa kurasa, wazee kwa vijana, waliuliza swali moja tu. Sebe iko wapi?

Hakuna Mwashanti aliyelelewa vizuri anayetaja jambo zito bila kutanguliza sebe. Neno hili ni ndugu yake hashakum. Ukitaja maiti, ukitaja uchafu, ukitaja aibu ya mtu mzima, kwanza unasema sebe, ndipo unaendelea. Na anayeigiza laana ndiyo kabisa. Bila sebe hayo si maigizo tena, maneno yametoka kinywani na yamekwenda kazini. Katika sehemu ile ya sita, mama aliyeuawa mwanawe siku ya uchaguzi alisimama mtoni amejifunga kitambaa cheusi, yai mkononi, akaita: "Akonwia, nakuita kwa jina lako. Mkono uliochoma sanduku la kura ukamchoma na mwanangu, usifike kinywani mwa mwenyewe mpaka aje aniambie." Kisha akalipasua yai kwenye jiwe. Mto ulitajwa kwa jina lake la kweli, watu wote wakasikia, na sebe haikuwepo.

Mwigizaji alikuwa ameisema. Maame Pokuaa, mwimba kwaya wa miaka sitini na nne, asingekanyaga maji yale bila kuisema. Aliteremsha kitambaa begani, akageuza uso pembeni na kunong'ona, "Sebe, Akonwia, sebe, ni mchezo tu," ndipo akapaza sauti. Zilikuwa sekunde tatu. Kwenye mashine ya kukatia picha zilionekana kama mtu anayeomba ruhusa ya kukohoa, zikauzima moto wote wa ile laana. Dufie alizikata, akaunganisha, akaenda kunywa chai. Alijua vizuri ni neno gani analokata. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hujiambia mambo mengi.

"Dufie, dada yangu," alisema Ofosuhene, mtayarishaji wao, akichungulia mlangoni huku simu mbili zikimlilia mkononi. "Niambie hizo sekunde tatu hukuzitupa."

"Lini umeniona nikitupa kitu?"

"Basi zirudishe. Alhamisi saa kumi jioni tunarudia sehemu yote. Watu waisikie sebe yao, walale." Akashusha sauti. "Na wale makuhani wa mto wametuma mtu. Wanasema tumemwita mgeni kwa jina kisha tukamwacha amesimama mlangoni. Wanataka kondoo na chupa mbili za pombe."

"Utawapelekea?"

"Mimi Mkatoliki, Dufie, usinitukane." Akajikuna shingo. "Kondoo nimeshaagiza."

Dufie alicheka mpaka mchana. Kazi ilikuwa ndogo, hata robo saa haifiki, akaiacha ingoje.

Nyumbani, mtaa wa Tafo, alikuwa akiishi na baba yake. Mzee huyo, Opanin Boadu, alikuwa mpanga mikutano wa chama kwa miaka thelathini, mtu aliyekuwa akisimama juu ya lori na kipaza sauti na soko zima likaacha kuuza. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, mjane, na kelele zake zote alizimalizia kwenye televisheni. Jumapili ile walitazama pamoja, sinia la fufu katikati yao, mzee akiwazomea wabunge wa uongo kama wa kweli. Mama wa mtoni alipopasua yai, mkono wa mzee ulikuwa nusu njia kwenda mdomoni. Ulisimama. Akalirudisha tonge kwenye mchuzi, akanawa, akaomba kijiko.

"Kijiko?" Dufie aliuliza. "Cha fufu?"

"Mchuzi wa moto."

Fufu kwa kijiko! Hata wageni wa Ulaya siku yao ya pili Kumasi hufundishwa kwamba fufu haiguswi na chuma. Dufie alimletea akidhani uzee umeanza kubisha hodi. Jumatatu mchana mzee hakula. Jumatatu jioni alikaa mbele ya sahani yake, kijiko mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza pajani kiganja chini.

"Papa, kula basi."

"Nitakula." Akasukuma sahani kidogo. "Yule bibi wa mtoni. Alisema sebe?"

"Na wewe? Nimeulizwa hilo leo mara sitini."

"Nakuuliza ya sitini na moja. Alisema?"

Simu ilikuwa mfukoni mwake, na zile sekunde tatu zilikuwamo ndani yake. Angeitoa na kumwonyesha, na huenda mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amechoka na neno lile. "Alhamisi utaisikia mwenyewe," akasema. "Tunairudisha."

Mzee alishusha pumzi. "Kwa hiyo alisema. Nilijua. Hao kina mama husema, sivyo? Hata awe na hasira vipi, mtu haendi mtoni hivi hivi tu."

"Papa, ule ni mchezo."

"Najua ni mchezo! Mimi mtoto?" Akainuka, na kijiko kikaanguka sakafuni, na hakuna aliyekiokota.

Jumanne daftari lilikuwa na kurasa saba. Dufie alilichukua akanywee chai, kwa kuwa sasa lilikuwa linachekesha kuliko mchezo wenyewe. Katikati ya ukurasa wa tano kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa mapokezi: "Mwanamke, Adumanso. Anasema sebe msiirudishe. Hakutaka kusema zaidi." Na namba ya simu. Watu mia moja na ishirini walikuwa wakiitaka sebe, na mmoja hakuitaka. Adumanso ndiko walikopigia zile picha za mtoni. Dufie aliacha chai yake akapiga.

"Eno, mama yangu, shikamoo. Napiga kutoka televisheni. Ulituambia tusirudishe sebe."

"Ndiyo mimi. Foriwaa." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu mzima, na nyuma yake kuku walikuwa wakigombana. "Wewe ni mkubwa huko?"

"Mimi ndiye niliyeikata, eno."

"Ala! Basi mkono wako Mungu aubariki. Nani alikuambia habari zangu?"

"Habari gani, eno?"

Kuku wakasikika peke yao. "Hamjui," alisema Foriwaa pole pole. "Mmekuja mpaka kwenye jiwe lile lile, mmemsimamisha mtu amenipa mgongo, na hamjui. Jumapili nilidhani najitazama mimi."

Akaeleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na hakuna aliyesikia. Uchaguzi wa miaka minane iliyopita. Shule ya Adumanso, sanduku la kura ndani ya darasa, makarani wamekwenda kula, mlango umefungwa kwa komeo la nje, na mwanawe Kwaku, miaka ishirini na mbili, kaachwa ndani alinde. Likaja gari la chama fulani. Petroli ikapitishwa dirishani. Gazeti liliandika kwamba karatasi ziliungua, na Kwaku walimpa nusu mstari mwishoni.

"Rafiki yake alijificha nyuma ya choo, sebe," alisema Foriwaa. "Uso hakuuona, moshi ulikuwa mwingi. Lakini aliona jambo moja. Kwaku alipopiga kelele, mtu mmoja katika wale alirudi mbio akalishika komeo alifungue. Chuma kilikuwa kimeshika moto. Kikamla kiganja. Akapiga yowe, akaliachia, akakimbia na wenzake."

Dufie alikitazama kiganja chake mwenyewe.

"Upo?"

"Nipo, eno."

"Nikaenda mtoni peke yangu, yai langu mkononi. Maneno niliyosema sikumwambia mtu, ila si mbali na yenu. Ule mkono. Nilimwambia Akonwia amtafute kwa kiganja, asishibe mpaka aje aniambie kwa mdomo wake. Na sebe sikusema. Nilikuwa na nia, mwanangu. Sasa ninyi mkiirudisha sebe, popote alipo yule mtu atajiambia hata mimi niliisema. Atakula. Mwache asikie ilivyokuwa."

"Na akija akuambie?"

"Akija?" Foriwaa alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Nitamwuliza Kwaku alikuwa anasema nini. Zile kelele. Kila mtu ananiambia alipiga kelele, hakuna anayeniambia alisema nini."

Baada ya hapo Dufie alikaa chooni muda mrefu, bomba akilifungua na kulifunga. Miaka minane iliyopita baba yake alirudi kutoka uchaguzini mkono umefungwa kitambaa. Bomba la moshi la lori lilimchoma, alisema. Mama yake alikuwa hai wakati ule lakini kutazama damu kulimshinda, kwa hiyo Dufie ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda na kumpaka mafuta ya shea, asubuhi na jioni, wiki tatu. Bomba la lori ni mviringo. Kidonda kile kilikuwa kimenyooka, bapa, upana wa kidole, kutoka ukingo hadi ukingo wa kiganja. Aliliona hilo siku ya kwanza kabisa. Jicho lake ni la kazi hiyo, halipitwi. Aliliona akalikata, akaunganisha kabla na baada, na maisha yakaenda bila kuonyesha kiraka.

Jioni ile aliogopa kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Alipoingia, mzee alikuwa amekaa pale pale, televisheni imezimwa. Uji wa asubuhi ulikuwa umeganda kwenye bakuli. Alikuwa anaanza kupungua usoni, siku mbili tu, na mkono wa kulia ameufunika kwa wa kushoto.

"Wameirudisha?" aliuliza.

"Bado, Papa. Alhamisi."

"Usisahau."

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu wa tatu sasa. Dufie hakuamini mizimu, alikuwa amebatizwa mara mbili kwa sababu ya kuhama kanisa, lakini alipopita ukumbini alipita akiambaa ukuta, kama mtu anayempisha mwingine.

Jumatano alifungua mashine. Alizirudisha zile sekunde tatu. Maame Pokuaa akageuza uso, akanong'ona, akapaza sauti. Dufie akazitoa. Akazirudisha. Akizima sauti akabaki na mgongo tu, kitambaa cheusi na maji, aliona mgongo wa mwanamke mwingine, na kuku wakagombana kichwani mwake. Alimpenda baba yake. Alimpenda kwa vitu vidogo, jinsi alivyokuwa akimwachia nyama ya shingo kwa kuwa aliipenda tangu utotoni, jinsi alivyolia hadharani mama alipokufa bila kujali wanaume wenzake. Angemrudishia neno moja, na kesho angekula. Kumasi yote ingefurahi. Ofosuhene angefurahi, mchungaji angefurahi. Mzee angelala, na yeye Dufie angeendelea kumpakulia fufu kila Jumapili mpaka siku ya kumzika, akikitazama kile kiganja kikishuka na kupanda. Hilo ndilo lililomtia hasira.

"Umemaliza?" Ofosuhene aliuliza mlangoni.

"Nimemaliza."

"Sebe imo?"

"Nimekuambia nimemaliza, kaka."

Alhamisi aliondoka kazini mapema, akanunua mihogo na ndizi, akatwanga fufu yeye mwenyewe uani mpaka mabega yakamuuma. Baba yake alisikia mchi, akaoga, akanyoa ndevu za siku nne, akajitupia vazi la kitambaa begani kama mtu anayetarajia ugeni. Saa kumi kasoro dakika mbili Dufie aliweka sinia mezani, na bakuli la maji ya kunawa.

Mzee alitazama sinia. "Kijiko kiko wapi?"

"Leo hakuna kijiko, Papa."

Walitazama. Wabunge wa uongo walidanganya, na safari hii hakuwazomea. Ulipokuja mto, mzee alisogea mbele mpaka magoti yakagusa meza. Mama wa kitambaa cheusi akaingia majini. Midomo ya mzee ilifunguka kidogo, kama anayetaka kuitikia wimbo anaoujua.

"Akonwia," akaita yule mama, "nakuita kwa jina lako."

Hakutanguliza kitu. Yai likapasuka kwenye jiwe.

Simu ya Dufie ikaanza kuruka mezani, Ofosuhene, tena Ofosuhene. Akaikata. Akazima na televisheni.

"Umeisahau," alisema mzee.

"Sikuisahau."

"Hukuipata, basi."

"Ninayo hapa kwenye simu. Yule mwigizaji aliisema vizuri tu, Papa."

"Sasa kwa nini, Dufie? Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Kwa sababu mama yake Kwaku hakuisema."

Mzee hakuuliza Kwaku yupi. Alingoja swali hilo limtoke, Dufie pia alilingoja, tena kwa hamu, angetoa chochote alisikie. Halikutoka. Mzee aligeuza mkono wake wa kulia juu ya paja, kiganja kikatazama dari, na ule mstari ukawa pale, mweupe, umenyooka.

"Waliniambia shule haina mtu," alisema. "Niliwauliza mara mbili. Nilipomsikia nilirudi. Nilishika komeo, mwanangu. Nilishika."

"Najua ulishika. Mimi ndiye niliyekuwa nakifunga hicho kidonda."

"Lilikuwa la moto."

"Najua, Papa."

"Ningelishika tena." Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu alizonyoa vibaya. "Kila siku nalishika tena. Alikuwa ananiita kwa cheo, unajua? Hakunijua jina. Alisema, mkubwa, mkubwa, nifungulie, niko mimi tu humu. Kwa adabu kabisa."

Dufie akashika ukingo wa meza. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumpiga, na vyote viwili alivitaka kwa nguvu moja. "Usiniambie mimi," alisema. "Mimi si mama yake."

"Nimwambie nani sasa? Baada ya miaka minane? Nitaanzia wapi?"

Dufie akatafuta namba ya Adumanso, akabonyeza, akaukunjua mkono wa kulia wa baba yake na kuiweka simu juu ya ule mstari. Ililia mara moja, mbili, tatu. Fufu ilikuwa inapoa. Akasikia kuku kwanza, halafu ile sauti kavu.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Opanin Boadu alitazama binti yake, na binti yake hakumsaidia. Akainua mkono taratibu mpaka simu ikafika mdomoni.

"Sebe, eno," alisema, kisha akataja jina lake.